Namna ya kuijua Narvik wakati meli inapakia

Mabaharia wengi tunaokuja Narvik, mji wa bandari kaskazini mwa Norwei, kuchukua chuma huondoka tukiwa tumeona geti, duka moja na njia ya kurudi melini. Ni hasara, kwa sababu mji huu ukipewa nusu siku yenye mpango hueleweka upesi kuliko bandari nyingi nilizofika. Bandari nyingine zina sababu nyingi za kuwepo. Narvik ina moja, nayo ndiyo hiyo inayomiminwa ndani ya meli yako. Ninachowaambia wanaokuja kwa mara ya kwanza ni kukifuata chuma hicho kinyumenyume: kutoka majini hadi gatini, kutoka gatini hadi relini, kutoka relini hadi mlimani.

Anza kabla kamba hazijafungwa

Usilale meli ikiingia. Kama huna zamu, vaa nguo nzito, omba ruhusa kwa ofisa wa zamu, kisha simama nje mahali ambapo huzuii kazi ya mtu. Tukitokea kusini-magharibi tunapanda na Vestfjorden, na visiwa vya Lofoten vinabaki upande wa kushoto, milima yake imechongoka na kusimama wima juu ya maji. Marubani wa eneo hili, yaani wanaoziongoza meli njiani, wana kituo chao Lødingen. Ukipita hapo, njia inageukia mashariki na unaingia Ofotfjorden.

Hii ni fyodi, yaani hori refu lililochimbwa na mito ya barafu iliyoshuka kutoka milimani katika zama za baridi kuu, kisha bahari ikalijaza barafu ilipoyeyuka. Urefu wake ni kilomita 78 hivi, na mahali penye kina kirefu zaidi panapita mita 550. Tazama mashine ya kupimia kina ukipata nafasi, kisha inua macho uangalie milima pande zote mbili. Mteremko unaouona juu ya maji unaendelea vilevile chini ya maji. Ndiyo maana meli kubwa ya madini inaweza kusafiri hadi ndani kabisa ya nchi kavu, mbali na mawimbi ya bahari kuu, bila mtu kuchimba mfereji wala kupigana na mchanga kila mwaka.

Jifunze matawi ya fyodi hii ukiwa ungali mbali nayo, kwa maana ukishafika mjini majengo yatakuficha. Skjomen inafunguka kulia. Kushoto, kuelekea kaskazini, inapanda Herjangsfjorden, na mwisho wake kipo kijiji cha Bjerkvik. Mbele yako utaona rasi, na Narvik imekaa juu yake: upande mmoja wa rasi unaingia Beisfjorden, upande wa pili unaingia Rombaken, ambayo inakwenda mashariki hadi inakaribia mpaka wa Uswidi. Mlango wa Rombaken utautambua kwa daraja refu linaloning'inia kwenye nyaya, Hålogalandsbrua, lililofunguliwa Desemba 2018. Nafasi kati ya minara yake miwili ni mita 1,145. Kabla yake magari yaliyotoka Narvik kwenda Bjerkvik yalikuwa yakizunguka hadi daraja la zamani lililo ndani zaidi ya Rombaken. Daraja limefupisha barabara hiyo kwa kilomita 18.

Sasa jiulize swali ambalo kila baharia anapaswa kujiuliza hapa wakati wa baridi: mbona maji hayajaganda? Tuko nyuzi 68 na zaidi kaskazini, ndani kabisa ya mzingo wa Aktiki. Ng'ambo ya milima, upande wa Uswidi, ipo bandari ya Luleå, ambayo iko kusini zaidi ya hapa, na bado bahari yake huganda kila mwaka. Tofauti imo ndani ya maji yenyewe. Luleå iko kwenye Ghuba ya Bothnia, ambako maji yana chumvi kidogo mno kwa sababu ya mito mingi na mlango mwembamba wa kutokea bahari kuu. Maji ya namna hiyo huganda upesi. Pwani ya Norwei hupigwa na mkondo wa maji ya uvuguvugu unaovuka Atlantiki kutoka kusini-magharibi, maji yenye chumvi nyingi na kina kirefu, na joto lake hufika mpaka ndani ya fyodi. Shika jambo hili vizuri, maana reli, mji na vita vyote vimetokana nalo.

Gatini: tazama upakiaji walau kwa nusu saa

Kabla ya kukimbilia nje, simama kwenye sitaha mahali palipo salama uangalie. Siku hizi shehena nyingi si mawe wala unga wa madini, bali ni vitonge vidogo vya mviringo vya rangi ya kijivu kilichoiva, vilivyochomwa tayari huko Uswidi ili viingie moja kwa moja kwenye tanuri la kuyeyushia. Mkanda wa kupakilia huvimwaga kwa sauti kama mvua kubwa juu ya mabati. Chungulia chumba cha shehena kikishamaliza kupakiwa: mgeni atadhani kimebaki nusu tupu. Chuma ni kizito, na meli hufikia alama yake ya uzito zamani kabla vyumba havijajaa. Ndiyo maana ofisa wa kwanza haachi kuangalia mizani ya meli na kutoa maji ya balasti, yaani yale yaliyoipa meli uzito ilipokuwa tupu, kwa mpangilio. Shehena hii ikiwekwa vibaya huivunja meli mgongo.

Gati na mitambo ni mali ya LKAB, kampuni ya serikali ya Uswidi iliyoanzishwa mwaka 1890. Juu kidogo ya gati treni huingia na kufungua matumbo ya mabehewa yake, na vitonge hudondokea kwenye maghala makubwa yaliyochimbwa ndani ya mwamba. Unaweza kukaa Narvik siku nzima usione kwamba chini ya miguu yako yapo mashimo yenye chuma cha kujaza meli. Zamani shehena ilirundikwa nje, na upepo ulipovuma vumbi lilikuwa la mji mzima.

Kutoka getini fuata masharti ya bandari: kitambulisho, ruhusa ya kushuka, kofia ngumu na koti linalong'aa mpaka uvuke eneo la kazi. Usikate njia kupita relini, hata kama mji unauona mbele yako. Treni ya chuma haiwezi kusimama kwa ajili yako.

Reli: hapa usiharakishe

Ukishaingia mjini tafuta daraja la mjini linalovuka reli, usimame juu yake. Eneo la reli na madini limeukata mji vipande viwili, Frydenlund upande mmoja na Oscarsborg upande wa pili. Wapangaji wa miji wangeliona hilo kuwa kasoro, lakini kwa msomaji wa historia ni ushahidi: reli ilikuja kwanza, nyumba zikajibana pembeni yake.

Chuma kinatoka Kiruna, ndani ya Uswidi, kwenye mlima uitwao Kiirunavaara. Kwamba kipo, watu walijua tangu karne nyingi. Tatizo lilikuwa fosforasi: madini ya kule yana fosforasi nyingi, na chuma chenye fosforasi huvunjika kikipigwa baridi. Mwaka 1878 Mwingereza Sidney Gilchrist Thomas alitangaza njia ya kuiondoa wakati wa kuyeyusha, na ghafla mlima ambao haukuwa na faida ukawa utajiri. Ikabaki kazi ya kuufikisha baharini. Upande wa mashariki ilikuwapo Luleå, lakini bahari yake hufungwa na barafu. Upande wa magharibi kulikuwa na milima mikali, na nyuma ya milima hiyo, maji yasiyoganda.

Kampuni ya Waingereza ilianza kujenga miaka ya 1880. Mahali hapa palikuwa mashamba tu, na kampuni ikapaita Victoriahavn kwa heshima ya Victoria, mke wa mrithi wa kiti cha enzi cha Uswidi. Kampuni ikafilisika mwaka 1889, na reli ikalala karibu miaka kumi. Mwaka 1898 bunge la Norwei likaamua serikali yenyewe iijenge. Wakati huo Norwei na Uswidi zilikuwa na mfalme mmoja, muungano uliovunjika mwaka 1905, kwa hiyo reli hii ni kazi ya nchi mbili zilizokuwa zikielekea kuachana. Narvik ilipewa hadhi ya mji mwaka 1902, treni za chuma zikaanza kufika mwaka huohuo, na Mfalme Oscar II akaja kuifungua reli rasmi Julai 1903.

Walioijenga waliitwa rallar, vibarua waliohama kutoka reli moja hadi nyingine, wakipasua mwamba kwa nyundo na baruti, wakilala kwenye vibanda vya mbao katikati ya theluji. Mwulize mwenyeji yeyote habari za Svarta Bjørn, mpishi mwanamke wa kambi za reli, na atakusimulia. Mji umemwekea sanamu. Kiasi gani cha masimulizi ni historia na kiasi gani ni nyongeza ya wasimulizi, wenyewe hawajakubaliana, lakini huko Tornehamn, ng'ambo ya mpaka, lipo kaburi ambalo watu husema ni lake. Mimi napenda kwamba mji uliojengwa na wanaume wenye nyundo umemchagua mpishi kuwa shujaa wake. Kila mwezi Machi, katika wiki ya tamasha liitwalo Vinterfestuka, wenyeji huvaa mavazi ya zama hizo na kuwakumbuka vibarua hao. Meli yako ikiangukia wiki hiyo, shukuru.

Sehemu ya reli iliyo ndani ya Norwei, Ofotbanen, ina urefu wa kilomita 43 tu kutoka Narvik hadi mpakani, nayo hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 500. Tangu mwaka 1923 inatumia umeme. Ukiwa darajani subiri treni yenye shehena: mabehewa 68, urefu wa mita 750 hivi, uzito zaidi ya tani 8,000. Kwa kuwa treni hushuka ikiwa nzito na kupanda ikiwa tupu, injini zake zinapozuia mwendo kwenye mteremko hugeuka kuwa mashine za kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye nyaya. Mlima wenyewe husaidia kulipia safari.

Jambo la mwisho la kulishika hapa: Narvik haijaunganishwa kwa reli na sehemu nyingine yoyote ya Norwei. Ukitaka kwenda Oslo kwa treni lazima upitie Uswidi. Tena njia ni moja tu. Desemba 2023 treni ya chuma iliacha reli upande wa Uswidi, njia ikafungwa kwa takriban miezi miwili, na siku chache baada ya kufunguliwa, Februari 2024, treni nyingine ikaanguka. Ukisikia ofisini wanazungumzia meli kusubiri shehena nje ya Narvik, sasa unajua kisa.

Vita: nenda makumbusho, kisha makaburini

Makumbusho ya vita ya Narvik yapo katikati ya mji, karibu na uwanja wa halmashauri. Tenga saa mbili. Ukiwa na saa moja tu katika mji mzima, itumie hapo.

Ingia ukiwa umeshika lile jambo la maji yasiyoganda. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia viwanda vya Ujerumani vilitegemea chuma cha Uswidi, na majira ya baridi, Luleå ikiwa imefungwa, chuma hicho kilipitia Narvik. Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940, katika dhoruba ya theluji, manowari 10 za Kijerumani za aina ya destroya ziliingia Ofotfjorden zikiwa na wanajeshi wa milimani wapatao 2,000 chini ya Jenerali Eduard Dietl. Meli mbili kuukuu za ulinzi za Norwei, Eidsvold na Norge, zilikataa kusalimu amri. Zilipigwa torpido na kuzama kwa dakika chache, zikiondoka na mabaharia zaidi ya 270. Nasi tulio mabaharia tusipite hapo haraka. Maji yale ndiyo tunayoyapita kuingia gatini.

Siku iliyofuata destroya tano za Uingereza ziliingia alfajiri chini ya Kapteni Bernard Warburton-Lee na kuwashtukiza Wajerumani bandarini. Yeye alikufa siku hiyo, na mkuu wa kikosi cha manowari za Kijerumani, Friedrich Bonte, naye akafa. Waingereza walipoteza Hardy na Hunter. Mabaki ya Hunter yalionekana tena mwaka 2008 tu, chini kabisa ya fyodi. Tarehe 13 Aprili Waingereza wakarudi na manowari kubwa Warspite pamoja na destroya tisa, na destroya zote nane za Kijerumani zilizobaki zikaangamizwa, nyingine zikizamishwa na mabaharia wake wenyewe.

Kisha vita vikahamia nchi kavu. Majeshi ya Kifaransa yaliteremka Bjerkvik tarehe 13 Mei, Wapoland wakasonga kupitia kusini, Wanorwei wakipigana kwenye theluji ya milimani chini ya Jenerali Carl Gustav Fleischer. Tarehe 28 Mei Narvik ilikombolewa, mji wa kwanza ambao Wajerumani walinyang'anywa katika vita ile. Siku chache baadaye, kwa sababu Ufaransa ilikuwa inaanguka, majeshi ya nje yakaondoka, na ilipofika tarehe 8 Juni yalikuwa yameshamaliza kuondoka. Wajerumani wakarudi bila kupigana na kukaa hadi 1945. Nadhani kwa wenyeji huo ndio uchungu wenyewe: kuushinda mji, kisha kuuacha.

Ukitoka hapo tembea hadi makaburi ya mji, ambako walilazwa waliokufa kutoka mataifa mbalimbali yaliyopigana. Na kama una gari au umepata mtu wa kukupeleka, panda kando ya Beisfjorden hadi kijiji cha Beisfjord mwishoni mwake. Hapo Wajerumani walikuwa na kambi ya wafungwa kutoka Yugoslavia, na Julai 1942 waliwaua zaidi ya 280 kati yao katika usiku mmoja. Nguzo ya kumbukumbu ipo. Mabaharia wengi hawajui habari hii, nami siachi kuitaja.

Mlima: fanya hesabu ya mwanga

Kigari cha kamba cha Narvikfjellet hukupandisha hadi mita 656. Nenda hali ya hewa ikiwa safi tu. Wingu likishuka utaona mikono yako tu. Ukifika juu, pekua tena yale uliyojifunza sitahani: rasi, Beisfjorden, Rombaken, daraja, Herjangsfjorden, na meli yako ikiwa chini ya mkanda. Kwa macho ya kawaida utaona kwa nini mji haungeweza kukaa popote pengine: ardhi tambarare ni ile tu, na njia ya reli kutoka mashariki ni ile moja, iliyokatwa ubavuni mwa mlima juu ya Rombaken.

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami, kwa hiyo unaweza kupanda hata saa sita usiku ikiwa kigari kinafanya kazi. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi wiki za mwanzo za Januari jua halichomozi. Saa za adhuhuri hupata mwanga wa samawati tu. Katika majira hayo acha mlima, baki na makumbusho. Uliza ratiba ya kigari kabla ya kutoka melini.

Mambo madogo: fedha ni krone, lakini kadi hupokewa karibu kila mahali. Jumapili maduka mengi hufungwa. Barabara zina barafu na miteremko mikali, hivyo chukua vyuma vya kuvalia chini ya viatu. Barabara kuu, Kongens gate, itakurudisha katikati ya mji kila utakapopotea.

Ukipata siku nzima

Hutokea, upepo ukizuia upakiaji au gati likiwa na foleni. Hapo panda treni ya abiria kuelekea Uswidi, ukae upande wa kushoto ili uione Rombaken chini yako. Shuka Katterat, ufuate Rallarveien, njia waliyoipasua vibarua wa reli, uteremke hadi Rombaksbotn mwisho wa fyodi. Wakati wa ujenzi palikuwa na makazi yenye pilikapilika nyingi. Leo imebaki misingi ya mawe kati ya miti. Majini pwani utaona ncha ya destroya Georg Thiele, iliyokimbilia hapo tarehe 13 Aprili 1940 na kujikwamisha ufukweni ili mabaharia wake waokoke. Usiipande, chuma chake kimeoza. Wenye pumzi zaidi waende pia kuona Norddalsbrua, daraja la chuma la mwaka 1902 ambalo treni zimeacha kulitumia tangu njia ilipohamishwa mwaka 1988.

Safari hii ni ya kiangazi tu, theluji ikishayeyuka. Kushuka ni rahisi, lakini Katterat iko zaidi ya mita 370 juu ya bahari na kurudi ni kuupanda mlima huohuo, kwa hiyo kupanda kupewe muda mara mbili ya kushuka. Treni za abiria ni chache kwa siku: andika saa ya treni ya kurudi kwenye karatasi, beba chakula na maji yako, mwachie ofisa wa zamu nakala ya saa hizo, na muulize kabla ya kuondoka kama upakiaji unaweza kuanza tena mapema. Akisema huenda, chagua makumbusho.